Chozi wa Dirisha la Anaeli

Jua bado halijauvua mlima blanketi
naye ameshaanza: tsip, tsip, tsip,
mdai wa alfajiri, mlango kwa mlango
katika maua ya migomba.

Mdogo. Vijiko viwili vya sukari
vingemshinda uzito.
Lakini mtazame akigeuka:
kijani, halafu shaba, halafu ile rangi isiyo na jina
inayoelea juu ya dimbwi
pale sheli ya Njiapanda ya Machame.
Kifuani zambarau. Tumboni njano
ya ndizi iliyosahaulika darini.
Mdomo ni shazia, umepinda vilevile
kama ile aliyoshonea baba magunia ya kahawa,
na ulimi anaouchomoa ni uzi.

Mkewe hana makuu. Kijivu,
kama aliyevaa khanga ya kulimia.
Ndiye aliyejenga.
Kaning'iniza kifuko kwenye kamba yangu ya nguo:
utando wa buibui, gome, majani makavu,
na (nilikwenda kuhakikisha) uzi mwekundu
wa sweta ya shule ya Ndeonasia.
Mlango ubavuni, na juu yake kibaraza
mvua ya vuli isiingie bila hodi.
Tangu hapo tunaanika juu ya masale.
Shuka zinanuka majani. Hatujafa.

Mume je? Mume yuko vitani.
Nyumba ya kaka yangu Anaeli ina vioo
vilivyotoka Dar es Salaam kwa lori,
na mapazia yanayofungwa Januari
na kufunguliwa Desemba.
Kioo chenye giza nyuma yake
humwonyesha dume mwingine, mrembo, mkaidi,
asiyekimbia.
Ta! Ta! Anampiga.
Akipumzika, adui naye anapumzika.
Miezi miwili sasa. Mimi nafuta alama za mdomo
kwa gazeti na maji ya mfereji.

"Shangazi, mbona anaitwa Chozi, na halii?"
Sijui, mwanangu. Labda kwa kuwa ni tone.
Lilidondoka, likakataa kufika chini.

Tarehe ishirini na mbili magari yakapanda.
Mabegi, mchele, watoto wasiojua Kichaga.
Anaeli akavuta mapazia, mchana ukaingia ndani,
na adui akafa papo hapo, bila kidonda.
Chozi alitua kwenye ukingo wa dirisha,
kichwa upande huu, kichwa upande ule.
Akagonga mara moja. Polepole,
kama mtu anayeuliza kama wenyewe wapo.

"Dada, kamba ya nguo iko wapi?
Watoto wana mataulo."
Ipo, nikamwambia. Ina watu.

Akacheka. Akaenda kuangalia mwenyewe,
viatu vyake vya mjini matopeni.
Alikaa huko kuliko nilivyotegemea.
Akarudi kimya,
akatandaza taulo juu ya masale.