Kipande cha Kati

Karakana ya Famau, Bondeni.
Geti la mtu limelazwa chini, halijapakwa rangi,
na fundi kaivua miwani ya kuchomelea
apate kumjibu Bi Khola vizuri.

Wanaizozania tena ile sinema,
ya mfalme wa Waingereza wa kale na upanga wake,
na mchawi asiyejibu swali ila kwa fumbo,
na mashujaa waliovaa chuma, unyayo hadi utosi,
hata mezani, hata kitandani.

"Ujinga!" asema Bi Khola, akikoroga kachiri zake kwenye mafuta.
"Kivae chuma kile hapa, mwezi wa pili,
tukuchambue nyama kwa uma.
Na farasi je? Ni yule yule mmoja,
mara mweupe, mara kapakwa masizi."

"Mama, nani kakwambia uangalie farasi?"

Famau alikuwa na miaka tisa.
Tikiti ya mbele kabisa, shingo juu kama kuku anywaye maji.
Upanga ukachomoka jiweni, ukumbi mzima ukapiga mbinja,
na papo hapo stima zikapotea.
Waliambiwa warudi kesho.
Kesho hakuwa na shilingi.

Ndiyo maana, akibanwa, hukimbilia mashairi:

*Mabwana walijivuta, upanga umo jiweni,*
*Wenye nguvu walisota, jasho latoka usoni,*
*Kijana akaupata, kama kijiko ujini,*
*Sinema ni hapo basi, kinobakia ni nini?*

Bi Khola hamwachii mtu ubeti ukapoa.
Yeye ndiye aliyekuwa dirishani akiuza zile tikiti.
Kila usiku, wiki tatu, alipomaliza kuhesabu sarafu
aliingia kwa nyuma, akasimama kwenye pazia
lililonuka sigara na jasho la Idi,
akaona mwisho. Mwisho tu.
Ukungu. Mfalme anavuja damu.
Mkono wa mwanamke unatoka ziwani kudai kilicho chake.

*Kuutoa si hikima, na jino pia hung'oka,*
*Mwanamume wa heshima, ni ajuwae kuweka,*
*Akautupa mzima, majini ukamezeka,*
*Sinema ni hapo basi, ya kwako ni takataka!*

Miaka yote hii nikiwasikiliza
nilidhani wanabishana juu ya sinema moja.

Ijumaa nikaja na flashi.
Kompyuta tukaiweka juu ya fuawe,
kachiri kwenye gazeti, pilipili ya ndimu pembeni.
Upanga ulipotoka, Bi Khola, ambaye hakuwahi kuuona ukitoka,
alisema "Kumbe ni kitoto!"
na mkono wake ukasahau kurudi kwenye kachiri.

Kisha kikaja kile kipande cha kati
ambacho hakuna kati yao aliyekijua.
Mke wa mfalme na rafiki wa mfalme.
Mfalme anajua.
Amekaa kwenye ile meza ya duara, viti vyote vitupu,
hasemi kitu, na kamera haimwachi.
Mchezaji yule si hodari, ndevu zake zimebandikwa, gundi inaonekana.
Hakuna aliyeitaja gundi.
Bi Khola alivuta mtandio mpaka puani.
Famau akapata kazi ya kuokota misumari
ambayo haikuanguka.

Ukaja ukungu, ukaja mkono.
Famau aliutazama upanga ukizama
kama mtu anayesomewa deni la baba yake.

"Angeuacha jiweni tu," akasema mwishowe.
"Wallahi, angeuacha."

"Ehe," akajibu Bi Khola, taratibu, bila ubeti,
"na mle majini angetupa nini?"

Hakuna aliyemjibu. Mafuta yalikuwa yamepoa.
Nje mwenye geti alikuwa akipiga honi.
Nikashika flashi kuichomoa.
Ilikwama kidogo,
wote wawili wakainua macho wakanitazama,
kisha ikatoka.