Risasi Isiyo Risasi

Maboksi mawili juu ya meza ya jikoni.
La kwanza la babake, Halvor, pembe zimechakaa,
mwandiko wake wa penseli bado unasomeka: Novemba, themanini na nane.
La pili jipya, bei ingali imebandikwa,
na bei hiyo ndiyo iliyompigisha mluzi jirani Verlyn:

“Dola hamsini na nne, kwa vidude ishirini!
Babu yangu alikula kulungu wa risasi maisha yake yote,
akaja kufa kwa kuanguka kutoka paa la ghala.
Mwacha mila ni mtumwa, Marit.”

Marit hakumjibu. Alikuwa kliniki kwa Dokta Tollefson,
Februari ile, mbele ya eksirei iliyozoea nyonga za mbwa,
na juu ya kitanda chake, kwa utani tu,
pakiti ya nyama ya kusaga kutoka friza la nyumbani.
Utani uliishia kwenye kioo.
Nyama ilikuwa kivuli cha kijivu,
na ndani ya kivuli chembe nyeupe,
moja, tatu, halafu nyingi,
kama chumvi iliyomwagwa na mtoto juu ya nguo ya matanga.
“Na hii ni ya bega,” daktari alisema,
“uliyoikata wewe, na wewe ni msafi.”

Britta, bintiye, mimba ya miezi mitano,
alikuwa akiinywa supu yake kila Jumapili.

Kule Minnesota wana majina mawili:
moja la madini, moja la kinachofyatuliwa.
Sisi tuna moja.
Risasi ni ile nzito, laini, iachayo weusi kidoleni,
na risasi ni ile irukayo.
Labda waliotupa neno walishajua
kwamba ikipita ubavuni huandika jina lake kila mahali.
Basi nikuambieje mimi, mwenye neno moja,
alichokinunua Marit?
Risasi isiyo risasi.
Shaba tupu.

Oktoba ikiisha alikwenda kwenye shimo la changarawe,
karatasi yadi mia.
Shaba ikapiga chini inchi mbili. Ikapiga chini tena.
Akageuza kitasa cha darubini, ti, ti, ti,
nane zikaishia udongoni,
dola ishirini na moja na senti sitini
(alipiga hesabu, hakuweza kujizuia).

Siku ya pili ya msimu. Kibali mfukoni, koti la rangi ya chungwa,
upepo usoni. Dume la pembe sita
likatoka kwenye misonobari likanusa theluji.
Mlio mmoja.
Likakimbia.
Hatua ishirini, thelathini, na Marit moyoni:
Verlyn atanicheka mpaka Pasaka.
Arobaini. Likalala.

Chini ya ngozi ya ubavu wa pili aliikuta,
imefunguka petali nne, zote zipo,
ingali na joto la mwili.

Matumbo aliyaacha pale pale, kama walivyoyaacha wote kabla yake.
Mwaka juzi, chini ya nguzo ya umeme,
alimkuta tai amekaa kama mlevi nje ya kilabu,
kichwa kimelegea, makucha yamekunjana,
akamfunika koti, akafa kabla ya barabara kuu.
Hakuwahi kumwambia mtu alikotoka kula.

Leo akajificha nyuma ya gogo, vidole vinaganda.
Kunguru wawili kwanza, wezi wa kelele.
Kisha yeye, mweupe kichwani, bila haraka,
akatua kwenye ini.
Marit alimtazama akila mpaka machozi yakamgandia kopeni,
kwa baridi, atasema akiulizwa.

Usiku boksi la Halvor bado liko mezani.
Sumu haionjwi, anajua. Lakini mwandiko ule.
Akalinyanyua alipeleke sijui wapi,
akalirudisha.
Lilikuwa zito kuliko alivyokumbuka.