Hesabu ya Herufi

Kazi yangu herufi.
Limbani, Wete, kwenye banda la bati aliloniachia baba,
nachonga majina ya maiti kwa bei ya huruma
na majina ya wakubwa kwa bei ya Serikali,
bei nzuri sana, ila haifiki.

Baba aliwahi kuandika WAZIRI WA ELIMU, basi.
Elimu tu, herufi tano, na mtu akashiba.
Zamu yangu ikawa Elimu na Utamaduni: kumi na sita.
Kisha utamaduni ukahamishiwa jengo jengine,
yakaja Mafunzo ya Amali, ishirini na moja,
na patasi yangu ikawa butu.
Wengine husoma historia ya wizara vitabuni.
Mimi naisoma kwenye daftari la madeni.

Skuli ya Kiuyu Mtoni, mwaka wa karafuu nyingi,
afisa alishuka na karatasi yenye mhuri:
JIWE LA MSINGI LIMEWEKWA NA
MHESHIMIWA MCHA VUAI MKADAM.
Nilichonga siku tatu, usiku kwa karabai.
Akaja. Akapewa mwiko mpya, bado una kibandiko cha bei,
akapaka saruji mara tatu
kama mtu apakaye siagi mkate asioutaka,
akasema elimu ni ufunguo wa maisha.
Mlango haukuwepo bado.

Wanakijiji walipandisha matofali hadi usawa wa dirisha,
halafu saruji ikakata kauli.
Usiku mmoja, baada ya matangazo ya vifo na kabla ya taarab,
redio ikasoma baraza jipya.
Mkadam hayumo.

"Jiwe lina upande wa pili," afisa akanambia, hanitazami.
Nikaligeuza kama mgonjwa.
IMEFUNGULIWA NA MHESHIMIWA SEMENI JECHA USSI,
na ile wizara ndefu chini yake.
Huyu alitangulia kuja bila king'ora.
Alivua viatu mlangoni pa banda la makuti,
akahesabu kwa kidole: mia moja na kumi na wanne,
mwalimu mmoja, chaki nusu.
"Wa mwisho kule nyuma anauona ubao?"
Mwalimu Bikombo, asiyejua kusema uongo mbele ya watoto:
"Anausikia."
Waziri aliliandika neno hilo. Nilimuona.
Bati lilikuja, na madawati arubaini,
na siku tisa kabla ya utepe kukatwa,
redio tena, baada ya vifo.

Wa tatu sijamchonga. Jiwe halina uso mwengine,
na fungu la jiwe jipya, nimeambiwa, halikupita.
Skuli ilifunguliwa na mvua.
Maji yalipoingia darasani Bikombo aliniomba lile jiwe,
tukalilaza mlangoni liwe kidaraja,
Mkadam chini kwenye matope, Semeni juu.
Mia na ushei asubuhi, wengine kama hao mchana.
Nyayo nazo ni patasi, ila zenyewe zinafuta.
Neno la kwanza kupotea lilikuwa Mheshimiwa.

Juzi nilimpeleka mjukuu wangu Wahida, mkondo wa mchana,
daftari kifuani, kalamu ishatafunwa kabla ya kuandika.
Alichutama pale mlangoni, wenzake wakamruka.
Akatia kidole kwenye mfereji wa herufi moja,
akautoa mchanga, taratibu, pembe kwa pembe.
"Hii yangu."
Nikamwambia hiyo ni W ya waziri.
Akanitazama kama niliyemwibia.
"Yangu," na kidole hakitoki.

Usiku nilifungua daftari, ukurasa wa Wizara,
deni la miaka kumi na moja, wino ushakuwa rangi ya chai.
Nikakata herufi moja.