Si Yule

Karatasi iliingia studioni imekunjwa mara nne,
umeme wa jioni ukiwa bado haujarudi Kadutu.
*Lwaboshi Murhula amefariki. Kilio ni nyumbani kwake.*
Basi. Nikaisoma hewani kama ilivyo,
nikameza mate, nikaendelea na tangazo la mbuzi aliyepotea.

Mbuzi hakufika hata kwenye rangi yake,
simu zikaanza.
Kwani Bukavu ina Lwaboshi Murhula wangapi?
Yupo wa magoli, aliyedaka penalti tatu
siku ile ya mvua, kidole kikabaki kimepinda.
Yupo wa bungeni, wa Muhumba, aliyetuahidi barabara ya Bagira;
barabara yenyewe inatuahidi matope.
Yupo wa sindano, daktari. Akina mama wa Panzi
wamewapa wanao jina lake, kwa hiyo
wengine wanakuja, bado wananyonya.

Kwenye lango la mheshimiwa watu walijaa,
wengine na maua,
mmoja na daftari la madeni.
Mke wa golikipa akanipigia: "Wangu iko hapa, anakula bugali.
Lakini usisahihishe mbio, dada.
Majirani wanamsifu dirishani,
na tangu goti livunjike hajasikia sifa."

Saa moja kasoro nikarudi hewani.
Nilitamka polepole, kama anayechambua maharagwe:
si wa magoli,
si wa bungeni,
si wa sindano.
Mji ukashusha pumzi. Hata baa ya ng'ambo
ikafungulia tena muziki.

Asubuhi akaja mama mmoja, viatu mkononi,
matope ya Funu yamempanda hadi magotini.
"Ni mimi nilileta karatasi.
Mwanangu alikuwa anabeba matofali.
Jana ulitaja wote ambao si yeye,
na watu wakafurahi."

Nilikuwa na kalamu. Nikamuuliza
tumwongezee nini ili ajulikane:
wa matofali? wa Funu? mwana wa nani?
Aliitazama mikrofoni kama mtu
anayekadiria uzito wa gunia kabla ya kujitwisha.

"Alikuwa na miaka hamsini na mbili," akasema.
"Amewatangulia wote kuitwa hivyo.
Soma jina tu.
Hao wengine ndio waongezewe."

Nikalisoma.
Siku hiyo sikusoma habari za mbuzi.