Mkwaju Mmoja

Bi Ndekirwa hapigi simu, anatuma sauti.
Dakika nne, nyuma yake jenereta inajaribiwa Mtaa wa Gerezani,
kijana anaita, "Mama, hii ya inchi mbili bei gani?"
"Fundi," anasema, "nimeandika pampu za maji Dar es Salaam,
wametokea watu wa Mwenge, katokea hata yule wa Tegeta
aliyefungua juzi kwa mkopo wa kikundi.
Mimi nipo hapa mwaka wa kumi na tisa. Nipo wapi?"

Lilinikuta Sinza, umeme umekatika,
kompyuta imebakiwa na asilimia thelathini na moja.
Nikajibu kama ninavyowajibu wote:
picha zako nzito, Mama. Pampu moja megabaiti sita,
mteja wa Mbagala mwenye bando la buku
litamwishia kabla bomba halijatokeza.
Akauliza, nikizipunguza si zitakuwa ndogo?
Nikasema ukubwa wa kuonekana na uzito wa kubebwa ni vitu viwili.
Akacheka. "Kama watu."

La pili likaja usiku. Mwanawe wa chuo ndiye kagundua:
kurasa arobaini, zote kichwa kimoja, Karibu.
Kweli. Duka zima linasema karibu, karibu, karibu,
hakuna rafu inayosema ina nini.

La tatu: tulipobadili jina, anwani ya zamani tuliiachaje?
Tuliiacha kama mpangaji aliyehama Magomeni usiku,
bila kibao cha kusema kaelekea wapi.
Wateja wa siku zote wanabisha hodi,
ukuta unawajibu: mia nne na nne.

Halafu lile la anwani mbili,
yenye dabliyu tatu mbele na isiyo nazo.
"Ni mimi mmoja, fundi, au tupo wawili?"
Sijawahi kuulizwa swali zito hivyo
na mtu anayeuza mipira ya maji.

Nikaandika ankara. Ukaguzi wa kiufundi, laki tatu na nusu.
Nikagonga na muhuri.

Asubuhi umeme ukarudi, feni ikaanza kulalamika,
nikafungua faili dogo la mlangoni,
lile nililopaswa kuanza nalo.
Buibui wa injini za kutafuta wana adabu zao,
hawaingii mahali kabla hawajasoma kibao.
Mistari miwili tu.
Wa kwanza: kwa yeyote ajaye.
Wa pili: neno la kukataza, kisha mkwaju mmoja,
si wa mti, si wa mwalimu,
ule mstari ulioinama
ambao kwa mashine maana yake ni nyumba nzima.

Tarehe ya faili: masika ya mwaka juzi.
Mwandishi: mimi.

Tovuti ilikuwa bado matofali. Nikaweka mlinzi getini,
nikamwambia asipite mtu mpaka nimalize.
Nikamaliza. Nikalipwa. Tukala pilau dukani,
sahani juu ya boksi la jenereta.
Mlinzi sikumwambia kitu.
Miaka miwili kasimama palepale, mtiifu,
anawarudisha wageni mmoja mmoja, hasinzii.
Walinzi wa Masaki hawajafika nusu yake.

Kikulacho, wanasema.
Nami nilikuwa nguo, nikawa na mdudu,
nikamtoza mwenye mwili hela ya kujikuna.

Nimefuta mkwaju. Nimefuta ankara.
Nimerekodi sauti mara tano, ya sita nikaituma:
Mama, kosa ni langu, la siku ya kwanza.
Picha ni nzito kweli, vichwa ni vibovu kweli,
ila mlango niliufunga mimi.
Watakuja, lakini si leo. Injini haina haraka na mtu,
pengine wiki, pengine mbili.

Alama mbili, zikawa bluu.

Saa sita mchana ikaingia sauti yake, sekunde saba.
Jenereta. Kijana anauliza bei ya ile ya inchi mbili.
Na yeye anamjibu,
yeye, si mimi.