Dirisha ni Elfu Kumi

Nyuma ya hospitali kuu, Seoul,
ghorofa ya tatu, juu ya duka la wigi,
nina vyumba tisa.
Mgeni ni siku mbili, husema watu.
Wangu hukaa hadi daktari aseme.

Hawaji mjini kutembea.
Hushuka treni ya alfajiri, bahasha za eksirei kwapani,
wakapita kwanza hoteli za barabarani,
zile ambazo bawabu huvaa glavu,
wakauliza bei, wakasema, "Asante, tutarudi,"
kwa sauti ya mtu asiyerudi.
Ndipo hupanda ngazi zangu.

Nami husema yote kwa pumzi moja, nisije nikaona haya:
elfu thelathini na tano kwa usiku,
jiko ni la wote, wali ni bure,
choo mwisho wa ukumbi,
kitanda kimoja, wa pili alale chini, godoro lipo.
Dirisha ni elfu kumi zaidi.

Gu Pil-ho wa Naju, mkulima wa peasi,
alihesabu kwa vidole vilivyopasuka kwa baridi.
"Usiku arobaini," akasema. "Bila dirisha."
Nikampa namba sita,
chumba ambacho ukinyoosha mikono
unasalimiana na kuta zote mbili.

Mkewe alikuwa wodini, kitanda cha katikati.
Kila saa tatu usiku simu ililia.
Kuta zangu ni mbao nyembamba na karatasi ya maua;
siwezi kusema sikusikiliza.
"Unaona nini huko?" mama yule aliuliza.
"Mimi naona pazia tu."
Na mzee, pua karibu iguse ukuta,
akamjibu: Naona mto.
Naona daraja na mataa yake.
Treni inapita, madirisha yote ya manjano.
Kuna mtu anakimbia na mbwa mweupe,
mbwa amechoka kuliko yeye.

Usiku wa pili mbwa alikuwa na jina.
Usiku wa tisa mto uliganda kandokando.
Hakusahau kitu, mwongo yule;
hata usiku mmoja daraja halikuhama.

Na niseme, kwa kuwa hakuna anayeniuliza:
namba mbili, chenye dirisha,
kilikuwa kitupu wiki ile nzima.
Kinatazama maegesho na mapipa ya taka,
lakini kinatazama.
Mara mbili niliutoa ufunguo,
mara moja nikafika nao hadi mlangoni kwake.
Kisha nikakumbuka kodi ya jengo, gesi, meno ya mjukuu,
nikaurudisha msumarini.
Huruma nayo ina bei,
nami sikuwa nayo taslimu.

Siku ya ishirini na mbili walimtoa:
mionzi kila asubuhi, kulala ajitafutie.
Nilimwona akipanda, Bi Yeo Gap-sun,
kofia ya sufu hadi kwenye nyusi,
akipumzika kila ngazi ya tano,
mzee nyuma yake na beseni na viatu vya wodini,
uso umemwiva kama mtoto aliyevunja chungu.

Mlango wa namba sita ukafunguliwa.
Kimya.
Nilikuwa jikoni, naosha mchele.
Nikaacha bomba litiririke ili nisisikie,
kisha nikalifunga ili nisikie.

"Mto uko wapi?"

"Leo," mzee akasema, "kuna ukungu."

Kitanda kikalia, mtu akikaa.
Kisha kiganja, kikipapasa karatasi ya maua
taratibu, kutoka kona hadi kona,
kama anayetafuta pale rangi ilipoanza kubanduka.
Kisha swichi: ta.

"Sogea," akasema mama yule gizani,
"umekaa mbele ya daraja."