Klapu

Mama alivaa koti lake la kanisani
kwenda kununua simu.
Theluji ya Kaunas ilikuwa imegeuka tope,
nami nilikuwa na orodha mfukoni:
kamera, ramani, kitu cha kunionyesha
yuko wapi saa hii na saa ile.
Sikumwambia hayo.

Kijana wa dukani, Tautvydas, jina kifuani,
alimpa kwanza kioo kitupu, chembamba kama kaki.
"Gusa tu, bibi. Gusa popote."
Mama akagusa. Kioo kikanyamaza.
Akagusa tena, kwa nguvu,
kama anayebonyeza kengele ya jirani mkaidi.
Vidole vikizeeka hukauka, alisema kijana kwa upole,
wakati mwingine kioo hakivitambui.
Mama akamtazama juu ya miwani:
"Mwanangu, vidole hivi
viliwahi kuunganisha mji mzima."

Ni kweli. Miaka thelathini na mmoja
alikaa mbele ya ubao wa matundu,
visikizio masikioni, waya kila mkono,
akichomeka huku, akichomoa kule:
daktari kwa mkunga,
kiwanda kwa wizara,
mume aliyekawia kwa mke aliyenuna.
Alijua nani anadaiwa na nani anapendwa,
na hakumwambia mtu, hata baba.
Wenzake walimwita Genovaitė Kaburi.

Basi zikaletwa za kukunja, tano, juu ya kaunta,
kama kobe waliorudisha vichwa ndani.
Nikaanza mimi, muuzaji kuliko muuzaji:
hii betri yake hukaa wiki,
hii tarakimu zake ni kubwa kama vifungo vya koti,
hii ina kitufe chekundu mgongoni,
ukianguka, bonyeza, nitakuja mbio.
"Nikianguka," alisema,
"nitaanza kwa kutafuta miwani."

Hakuuliza bei.
Alichukua moja moja, ikiwa imezimwa,
akaiweka sikioni, akasikiliza kitu,
kisha akaifunga.
Ya kwanza ikatoa kimlio cha plastiki. Akatikisa kichwa.
Ya pili ilikuwa laini mno,
"kama mgeni anayeondoka bila kuaga."
Ya tatu ikagoma nusu ya njia.
Foleni nyuma yetu ikaanza kukohoa.
Ya nne, rangi ya divai, ilisema
KLAPU,
na macho yake yakafumba pamoja nayo.

"Hii," alisema.
"Hii inajua mazungumzo yamekwisha."

Haina ramani, mama.
"Najua ninakokwenda."
Sitaweza kukuona.
Hapo akanyamaza, akaifungua, akaifunga.
"Miaka yote ile sikumwona mtu hata mmoja.
Lakini nilijua nani anatabasamu
na nani anasema hajambo
huku amejishika ukutani."

Mfukoni nikaikunja orodha,
nikaikunja tena,
ikawa ndogo kama tiketi iliyokwisha kutumika.

Tautvydas akaingiza namba tatu:
yangu, ya kaka yangu aliyeko Dortmund, ya zahanati.
Kitufe cha nne mama akataka kibaki tupu.
Namba yake ataiingiza mwenyewe.
Sikuuliza ya nani.
Aliyelelewa na kaburi
hujifunza kutochimba.

Kituoni, hatua mbili kutoka nilipo,
alinipa mgongo, akabonyeza moja.
Mfuko wangu ukalia.
"Kaunas," akasema,
kwa sauti nisiyopata kuisikia,
changa, iliyopakwa wanja,
"Kaunas hapa. Nikuunganishe na nani?"

Basi letu lilikuwa linakata kona.
Nilikuwa na miaka hamsini na sita
na koo lililojaa.
Na mama yangu, nikasema. Tafadhali.

"Subiri kidogo."

Nikasubiri. Basi likafungua milango.

"Laini yake ina mtu," akasema.
"Jaribu tena baadaye."
Kisha nikaisikia mara mbili,
mara sikioni, mara hewani:
klapu.